Maagizo kwa Fundi Chengo

Fundi Chengo, kabla hujachovya mwiko, keti.
Ipindue ndoo hiyo, ndiyo kiti nilicho nacho.
Chai ni ya rangi. Maziwa yalikuwa ya mbuzi,
na mbuzi nilimkuta asubuhi kamba imeungua, imekatika,
na yeye hakwenda kokote.

Nyumba ya kwanza niliijenga kwa macho:
nilitazama ya jirani, nikaongeza.
Makuti mapya, manene, mafundo mawili mawili.
Dari ya magunia. Boriti nikazipaka oili chafu
ili mchwa wasizile.
Kweli, mchwa hawakuzila.

Mwezi wa pili, kaskazi ikivuma tangu adhuhuri,
cheche ilitoka kwa Mesalimu
(sisemi alikosa, alikuwa akikaanga viazi vya watu),
ikaruka kama panzi, ikatua juu yangu.
Kuti likiungua halianguki, Fundi. Linapaa.
Niliona kuti langu likivuka paa la madrasa,
likishuka Mtongwe ya chini
kuwachoma watu nisiowajua hata majina.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku.
Si kilichonitoka. Ni nilichowapelekea.

Basi andika. Huna kalamu? Kariri.

Mawe ya matumbawe, yaliyokatwa sawa.
Upande wa machweo uwe mfupi, usiwe na dirisha,
na madirisha yaangaliane, kusi na kaskazi,
nisiilipe feni kwa kazi inayofanywa bure.
Watu wananiambia: piga bati, umalize.
Bati nimelilalia kwa shangazi miezi mitatu:
mchana chungu mekoni,
usiku chungu kilichoepuliwa, bado kinatokota.
Sawa, piga bati, lakini lipake chokaa mpaka liumize macho,
na kati yake na dari niachie mahali
joto lipite njia yake bila kunisalimu.

Matundu ya hewa yatie wavu wa waya,
vijicho vyake vidogo kuliko punje ya mtama.
Mbu na cheche, wote wawili nimekwisha kuwakirimu.

Jiko lipe chumba chake, na dohani ndefu.
Nimekohoa miaka kumi na tisa nikidhani ndiyo sauti yangu.

Nondo za dirisha zitie bawaba upande mmoja,
komeo ndani,
mahali mkono wa mtoto unafika.
Usiniulize kwa nini.
Kadzo umemwona dukani.
Umeona anavyopokea chenji kwa kiganja kisichokunjuka.

Sasa, hapa utabisha.
Kutoka mpaka wa Mesalimu, rudi kwangu hatua tatu.
Ndiyo, kiwanja ni changu.
Ndiyo, hapo pangetosha chumba cha kupangisha,
choo na sinki; nimepiga hesabu kabla yako.
Paache patupu. Pasiwekwe kuni,
wala ua wa makuti, wala ile pikipiki ya mwanangu isiyowaka.

Jana Mesalimu alinitazama nikipigilia vigingi.
Tangu ule moto hatujasemezana,
tunapishana kisimani kama ndoo mbili.
Akauliza, "Ndiyo wanikimbia?"
Nikamwambia, "Nakukinga na mimi."

Akaingia ndani. Nikajua kanuna.
Akatoka na nyundo ya mumewe,
akang'oa kigingi chake cha pembeni,
akakirudisha nyuma hatua mbili.
Ya tatu ina choo, hawezi.

Hatua tano, basi.
Chumba kikubwa kuliko vyote vya nyumba hii,
na wewe hutalipwa hata senti kwa kutokijenga.
Usiku nilisimama humo na kanga moja.
Upepo ulipita, ukanigusa shingo, ukaenda zake,
haukubeba kitu.

Kunywa, inapoa.
Lori la mchanga hilo linapinda kona.